Wiard na Kisanduku cha Sauti

Wiard Ennenga ni jirani yangu, na tangu nimfahamu hajawahi kukosea. Nasema hivyo kwa uchungu. Kati ya malisho yangu na bustani yake unapita mtaro wa maji, na yeye alikuwa mkaguzi wa mitaro wa wilaya mpaka alipostaafu. Kila vuli alifika na buti zake za mpira na fimbo yake yenye alama za vipimo, akaitumbukiza majini, akaitoa, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Frerich," angeniambia. "Matope."

Basi, neno moja, halafu anakwenda zake kwa baiskeli. Mimi nina ng'ombe wanaongoja kukamuliwa, trekta halitaki kuwaka, lakini mtaro sharti uchimbwe upya. Na huna pa kulalamika, kwa sababu nchi yetu hii ya Frisia Mashariki, pwani ya Ujerumani, iko chini kuliko bahari. Kwingine usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu usipoziba ufa utaogelea. Ndiyo maana mkaguzi wa mitaro anaogopwa kuliko mchungaji wa kanisa.

Mkewe, Hilke, alikuwa kinyume chake kabisa. Watu wa kwetu hatuna maneno mengi. Asubuhi tunasema "Moin", mchana "Moin", jioni "Moin", na mtu akiisema mara mbili tunamwona ana domo. Hilke alikuwa na domo, tena analo kwa niaba ya kijiji kizima. Aliuza mikate dukani hapo Westerhamm, na alikuuzia kwa Kiplatt, lugha ya bibi zetu, kwa sauti iliyofika kituo cha basi. Ungeingia kununua mkate wa shayiri ukatoka unajua ng'ombe wa nani ana mimba, binti wa nani amekataa kuolewa, na wewe mwenyewe umenenepa wapi. Alipofariki, duka lilibaki na mikate tu. Nilimlilia yule mwanamke kuliko nilivyowalilia baadhi ya ndugu zangu, na wala sioni haya kusema.

Sasa, tuna chama. Kwetu watu watatu wakikutana mara mbili wanaandika katiba. Chetu ni Chama cha Kiplatt cha Westerhamm, na kazi yake ni kuiokoa lugha isife. Mikutano yake inaendeshwa kwa Kijerumani cha shuleni, kwa sababu katiba imeandikwa kwa Kijerumani cha shuleni na hakuna anayejua kusema "kifungu kidogo cha pili" kwa Kiplatt. Mwenyekiti ni Okka Ubben, mkunga mstaafu. Kamera ilikuwa ya Menno Saathoff, dereva wa basi la shule, ambaye kwa miaka kadhaa alizunguka nyumba kwa nyumba akiwarekodi wazee kabla hawajaondoka. Alimrekodi mzee Tjark akisimulia mafuriko makubwa. Alimrekodi mama yangu, Foske, akieleza sukuma wiki inavyopikwa na soseji baada ya baridi ya kwanza kuipiga. Wote wawili sasa wamelala makaburini.

Na alimrekodi Hilke akieleza jinsi ya kunywa chai. Hii ndiyo iliyokuwa lulu ya mkusanyiko. Menno alisema kamera ilitikisika kwa vile alivyocheka. Sisi wengine hatukuwa tumeitazama. Ukweli ni kwamba hatukuwa tumeitazama video yoyote. Tulikuwa na kazi ya kuzihifadhi. Tulisema ya Hilke tutaitazama siku ya sherehe ya chama, sote pamoja, na kila mtu aliingoja siku hiyo moyoni mwake bila kusema.

Wiard alipostaafu alikosa cha kukagua, na chama kikafanya kosa la kumpa cheo cha mtunza kumbukumbu. Aliyachukua mafaili yetu akayatumbukizia fimbo yake. Katika mkutano uliofuata akasimama.

"Video zetu," alisema, "zimo katika umbizo, yaani namna ya faili, lenye mwenyewe. Kuna kampuni, mbali huko, ndiyo yenye haki nalo. Kesho ikibadili mawazo, mama yake Frerich hafunguki tena."

"Mama hajawahi kufunguka," nikasema.

"Frerich, omba nafasi kwanza," Okka akanikatiza.

"Naomba nafasi."

"Umepewa."

"Nimeshasema."

Wiard alingoja tumalize, akaendelea. Alieleza kwamba lipo umbizo huria, yaani faili lisilo na mwenyewe, ambalo programu yoyote inaruhusiwa kulifungua leo na siku zote bila kumpigia mtu magoti. Video zote zigeuzwe ziwe za namna hiyo. Wala haikuhitajika mitambo ya ajabu. Programu aliyokuja nayo ni ile ile ya kuhariri video wanayoitumia wanafunzi kukatia video za mabao yao, ya bure, nayo pia huria. Unaingiza video, unachagua umbizo unalotaka, unabonyeza, unakaa kuutazama mstari mwembamba ukitambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Alikuwa sahihi katika kila neno. Hilo ndilo linaloudhi kwa Wiard.

Akatuonyesha pale pale ukutani kwa projekta. Filamu ya kwanza ilikuwa ile ya ujenzi wa boma la kuzuia bahari, iliyopigwa zamani na mwalimu mmoja kwa kamera isiyojua sauti ni kitu gani. Kwenye programu palikuwa na visanduku viwili vya kuwekea tiki, kimoja cha picha na kimoja cha sauti. Wiard akaiondoa tiki ya sauti.

"Filamu hii haina sauti," alisema. "Kuhifadhi kitu kisichokuwepo ni kuharibu nafasi."

Nani angebisha? Mstari ukatambaa, filamu ikatoka, ikafunguka safi, wanaume wenye makoleo wakachimba bila kupiga kelele. Tukapiga makofi. Hapo Wiard akaomba jambo moja zaidi. Aliomba mpangilio huu wa programu, kama ulivyo, uidhinishwe kuwa mpangilio rasmi wa chama, ili mtunza kumbukumbu wa kesho asije akafanya ya kichwani kwake. Chai ilikuwa imeshaanza kunukia kutoka jikoni. Mikono yote ikapanda.

Na alipoona mikono inapanda kwa wepesi hivyo, akaleta kifungu cha tisa. Kila video ikishageuzwa, ile ya zamani ifutwe. Ifutwe kwenye kompyuta ya chama, ifutwe kwenye kadi za kamera ya Menno, ifutwe na majumbani kwa yeyote mwenye nakala. Atakayeficha faili lililofungwa, yaani la umbizo lenye mwenyewe, hafai kushika cheo chochote chamani.

"Kwa nini tusibaki nazo zote mbili?" Menno aliuliza.

"Mtaro hauwezi kutiririka pande mbili," Wiard akamjibu.

Kwetu sentensi yenye mtaro ndani yake haijibiwi. Mikono ikapanda tena.

Majira yote ya baridi alifanya kazi ile katika maktaba ya mji, kwenye meza iliyo karibu na kipasha joto. Nyumbani, aliniambia siku moja kutoka ng'ambo ya mtaro, kumekuwa na ukimya wa aina mbaya. Kwa hiyo alikwenda kutafuta ukimya wa aina nzuri, ule uliobandikwa ukutani kwamba ni marufuku kompyuta kutoa sauti. Aliigeuza video moja baada ya nyingine kwa mpangilio rasmi, wala hakugusa kisanduku hata kimoja, kwa maana vilikuwa vimepigiwa kura. Kila iliyotoka aliifungua akaikagua: picha ipo, urefu sawa, jina sahihi. Alitumbukiza fimbo, akaitoa, akaona hakuna matope.

Kisha akatutangazia kwamba kazi imekwisha na kifungu cha tisa kimeanza kufanya kazi. Menno alizifuta kadi zake mchana huo huo, akiwa kituoni anawangoja watoto watoke shule. Mimi nilimpigia simu binti yangu huko Bremen aliyekuwa na nakala ya video ya bibi yake.

"Baba, una uhakika?"

"Imepigiwa kura, mwanangu."

Akafuta. Wote tulifuta. Nina mkwe kutoka Napoli, Italia, na nilipomsimulia baadaye alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Kijiji kizima?" aliuliza. "Hata mtu mmoja hakuficha?" Nikamwambia hata mmoja. Akasema kwao sheria kama hiyo ingezaa nakala mara kumi ya zilizokuwepo. Nilitamani kukasirika, nikashindwa.

Sherehe ilifanyika Jumapili mchana, kwenye jengo la shule ya zamani. Palikuwa na keki, na palikuwa na chai. Kuhusu chai naomba uelewe jambo moja, maana litakuja kuhitajika. Kwanza unaweka bonge la sukari ya mawe kikombeni. Unamimina chai, sukari inapasuka. Unaongeza krimu pembeni kwa kijiko kidogo. Halafu hukorogi. Unakunywa krimu juu, uchungu katikati, utamu chini, kama maisha yanavyopaswa kuwa lakini hayawi. Vikombe vitatu ndiyo adabu, na ukitosheka unaweka kijiko ndani ya kikombe. Hiyo ndiyo kazi pekee ya kijiko. Anayekoroga ni mgeni kutoka Hamburg, au hana malezi. Wiard mwenyewe aliwahi kumwondokea mezani ofisa mmoja wa wilaya kwa kosa hilo.

Taa zikazimwa. Akatokea mzee Tjark ukutani, ameketi kwenye kiti chake cha jikoni, anatutazama. Tukamtazama. Mdomo ulimchezacheza kidogo. Muda ukapita. Hakuna aliyeona ajabu yoyote, kwa kuwa Tjark alipokuwa hai ungeweza kukaa naye mchana mzima ukapata "Moin" na kikohozi. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Ndivyo alivyokuwa, maskini. Alikuwa anafikiri kwanza." Wengine wakafuta machozi.

Kisha akaja mama yangu. Alikuwa na aproni yake ya bluu, na ameshika jani la sukuma wiki analionyesha kwa kamera. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka. Mama alikuwa mkimya, lakini si kiasi hicho.

"Ongeza sauti!" nikapiga kelele.

Menno aliongeza. Akakagua nyaya. Akasema "Moin" kwenye kipaza sauti, ikavuma ukumbi mzima. Akainama juu ya kompyuta, akafungua faili moja, akafungua la pili, akafungua mengine mengi, huku mama yangu anaendelea kusema ukutani maneno ambayo sitayajua kamwe.

"Hamna sauti humu," alisema hatimaye. "Si kwamba imepunguzwa. Haimo."

Wiard alikuwa amesimama kando ya projekta. Nilimwona akikitazama kile kisanduku kwenye programu, kitupu bila tiki, na uso wake ukageuka rangi ya unga.

"Mpangilio rasmi," alisema polepole.

"Zile za zamani ziko wapi?" Okka akamuuliza.

"Zimefutwa."

"Menno, kadi zako?"

"Nimefuta, mama. Kifungu cha tisa."

"Nani ana nakala nyumbani?" Okka aligeukia ukumbi. "Jamani, msiogope. Hakuna atakayeadhibiwa. Nani alificha?"

Tulitazamana. Kungekuwa na mkaidi mmoja tu Westerhamm, mlevi, mwizi, mtu yeyote asiyesoma matangazo, tungeokoka. Lakini sisi ni watu wema. Maji yalikuwa yamemwagika, na tuliyamwaga kwa pamoja, kwa kura halali.

"Na Hilke?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mwanamke wa duka la maua akaanza kulia kwa sauti. Mimi nilisimama. Sikuomba nafasi.

"Wiard Ennenga," nikamwambia, "mama yangu umeninyang'anya, sawa, wewe na mimi tuna ugomvi wetu wa mtaro. Lakini mkeo! Mwanamke pekee aliyekuwa akizungumza katika kijiji hiki, wewe umemnyamazisha!"

Nilikusudia kumuumiza na nikaona nimefaulu. Alishika ukingo wa meza. Nilidhani ataondoka. Badala yake akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

"Naomba nafasi," alisema.

"Umepewa," Okka akajibu.

"Kuna mwanachama aliyevunja kifungu cha tisa. Anayo nakala ya faili lililofungwa. Alilificha kwa makusudi, akijua."

Watu walisimama. "Nani? Mtaje! Mwambie alilete!"

"Ni mtunza kumbukumbu."

Okka alivua miwani. "Wiard. Wewe ndiwe mtunza kumbukumbu."

"Ndiyo. Namshtaki. Nimemwandikia barua ya kujiuzulu, ila sikujua nimkabidhi nani."

"Faili gani, bwana wee?"

Alikohoa. Alikuwa akizungumza na projekta, si na sisi. "La Hilke. Nilitaka kulifuta. Nililiacha la mwisho kabisa. Ukibonyeza, programu inauliza: una uhakika? Nilikaa nalo pale maktaba mpaka wakafunga. Sikuwa na uhakika. Nikalibadilisha jina, nikaliweka pamoja na ramani za mitaro ya kaskazini, mahali ambapo hakuna mtu atakayeingia."

Kweli, hakuna ambaye angeingia.

"Basi licheze!" Menno alisema.

"Haiwezekani. Faili lililofungwa haliruhusiwi kuonyeshwa katika shughuli ya chama. Kifungu cha—"

"Wiard," Okka akamkata, "nusu ya waliomo humu nimewatoa matumboni kwa mikono hii. Nikimwambia mtu sukuma, anasukuma. Cheza."

Bado akasita. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. "Ndani yake kuna jambo," alisema. "La faragha kidogo. Linanihusu mimi. Nimelisikia nikiwa nyumbani."

"Cheza, mwanangu."

Akacheza.

Kwanza ilisikika kelele ya kiti kuburutwa, na kelele hiyo peke yake ilitosha kututia machozi baada ya ule ukimya. Kisha Hilke akajaa ukutani, amevaa sweta yake nyekundu, na sauti ikatoka, ile ile ya kituo cha basi.

"Menno, hiyo taa nyekundu ndiyo inasema nishaanza? Au ndiyo inasema betri limekufa? Haya. Na ukizikata nywele zangu kwenye picha nakuuzia mkate wa jana mpaka ufe."

Ukumbi ukacheka, na Menno akacheka huku anafuta pua.

"Sukari kwanza. Sasa chai. Nyamaza, sikiliza." Tukasikia bonge likipasuka kikombeni, tiki, tiki. "Umesikia inavyokusalimia? Asiyeisikia hiyo anakunywa maji ya moto tu. Sasa krimu, pembeni, unaizungusha kinyume cha saa ili wakati usimame. Hausimami, lakini tumeuambia. Na kijiko, mwanangu, kijiko kinakaa kwenye kisahani. Hakiingii. Kikiingia unasema basi, nimetosheka, naenda nyumbani."

Aliinama karibu na kamera, macho yanamwaka.

"Sasa nikuambie siri. Wiard wangu. Huyu anayewakagua wote mpaka mnasinyaa. Wiard wangu anakoroga."

"Hapana!" watu wakapiga kelele kama vile Hilke angeweza kuwajibu.

"Anakoroga, bwana! Kila siku ya Mungu. Anangoja niende jikoni kuleta biskuti, halafu nasikia huko nyuma: kli-kli-kli-kli. Haraka haraka, mwizi yule. Nikirudi, kijiko kimelala kwenye kisahani, na yeye anaangalia dirishani, eti anatazama bata. Tangu tuoane. Anadhani sijui." Akacheka mpaka kikombe kikatikisika. Halafu akashusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya dukani. "Mimi biskuti ningeweza kuzileta pamoja na chai, tena kwenye sinia moja. Naziacha jikoni makusudi. Mtu anayekuwa sahihi kutwa nzima lazima apate dakika moja ya kukosea, la sivyo atapasuka kama hii sukari. Basi mimi naenda jikoni, natafuta biskuti ambazo nazijua ziko wapi, nangoja amalize. Haya, Menno, zima hicho kitu chako. Na hii sehemu ya mwisho uifute, usije ukamwonyesha."

Picha ikakoma. Taa hazikuwashwa kwa muda, kwa sababu aliyekuwa karibu na swichi hakutaka kuonekana uso wake.

Usifikiri kwamba tulikumbatiana. Tulipiga kura. Palitolewa hoja kwamba kifungu cha tisa kifutwe, ikapita. Palitolewa hoja kwamba kujiuzulu kwa mtunza kumbukumbu kusikubaliwe, naye Wiard akawa mtu pekee aliyepiga kura ya kupinga. Akahoji kama hesabu ilikuwa halali. Ilikuwa halali. Kuhusu kukoroga, hakuna aliyesema neno, wala siku ile wala baadaye, na kwa watu wa kijiji chetu huo ndio upendo mkubwa zaidi tunaoujua.

Jumatano yake alinipigia simu. Mtu huyu anaishi mbele ya dirisha langu, akanipigia simu.

"Lazima faili la Hilke ligeuzwe," alisema. "Umbizo lile bado lina mwenyewe. Ila nimeona heri abonyeze mtu mwingine."

"Mimi sijui kompyuta."

"Ndiyo maana nakuita. Wewe utasoma kila kisanduku."

Nikaruka mtaro nikaenda. Nilikuwa bado na hasira. Sauti ya mama yangu haikurudi na haitarudi. Kila nikilikumbuka lile jani la sukuma wiki mkononi mwake, inaanza upya. Nilikusudia kumwambia. Lakini aliponifungulia mlango alisimama pale na soksi zake, akanitazama, akatikisa kichwa vile vile kama zamani.

"Frerich," alisema. "Matope. Ya kwangu."

Nikavua viatu nikaingia.

Tuliketi mbele ya kompyuta. Nikaingiza video, nikachagua umbizo huria, nikasoma kila kitu kwa sauti. Nilipofika kwenye kisanduku cha sauti nikaweka tiki, naye akaniomba nihakikishe, nikahakikisha, akaniomba tena. Nikabonyeza. Tukautazama mstari ukitambaa mpaka ukafika mwisho. Tukacheza faili jipya, na kiti kikaburutwa, na Hilke akamuuliza Menno kuhusu taa nyekundu.

"Basi," nikasema. "Lile la zamani nilifute? Mtaro hauwezi kutiririka pande mbili."

Akanishika mkono uliokuwa juu ya kipanya, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Huu unaweza," alisema.

Kisha akaleta chai. Aliitengeneza kwa adabu zote, sukari ikapasuka, krimu akaizungusha kinyume cha saa. Vikombe viwili, visahani viwili, vijiko viwili vimelala mahali pake. Tukavitazama. Alikaa wima kabisa, mikono kwenye magoti, na kikombe chake hakukigusa. Nikaelewa kwamba tangu mkewe aondoke mtu huyu hajapata mahali pa kukosea. Nikatazama meza.

"Biskuti ziko wapi?" nikamuuliza.

"Jikoni. Kabati la juu. Subiri, nitakuletea."

"Kaa, jirani. Nitazitafuta mwenyewe."

Nikaenda. Pakiti ilikuwa mbele ya macho yangu mara tu nilipofungua kabati. Nililifunga, nikafungua jingine, nikasogeza masufuria, nikabamiza droo, nikalalamika kwa sauti kwamba sioni kitu. Halafu nikatulia na kusikiliza.

Kli-kli-kli-kli.

Nikamngoja amalize.